Msalaba Usio na Msumari

Fundi hakupenda kuharakishwa na watu waliofiwa. Mtu alifika karakanani pale Rodi Kopany macho mekundu, ametoka moja kwa moja mochari ya Homa Bay, anataka jeneza na msalaba kabla ya Ijumaa, na Fundi anamwambia akae kwanza kwenye benchi. Akishakaa, anamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Si urefu wala unene. Hayo angeyauliza baadaye. Alitaka kujua kama alikuwa mtu wa kucheka, kama alipenda samaki kuliko nyama, kama aligombana na ndugu zake. Wengine walikasirika. Wengine walianza kueleza wakashindwa kuacha. Mimi nilikuwa kibanda cha pili na brashi yangu, nikisikiliza maisha ya watu nisiowajua, maana msalaba ukishachongwa ni mimi niliyeandika jina.

Hiyo ndiyo kazi iliyotukutanisha. Mimi huandika kuta za maduka, mabango ya vinyozi, milango ya malori, na kwa wingi zaidi misalaba. Yeye alichonga nami nikaandika, miaka mingi hivyo, hata watu wa barabara ile wakatuona kama duka moja. Jina lake nalijua, bila shaka. Nimeliandika kwenye ubao wa karakana yake na kulirudia mvua ilipolifuta. Lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi kwa kila mtu, hata kwa mkewe akiwa amekasirika.

Misalaba yake haikuwa na msumari pale katikati. Mafundi wengine huchukua mbao mbili, wanalaza moja juu ya nyingine, wanagonga misumari, kazi imekwisha. Fundi alikata nusu ya unene wa ubao huu na nusu ya unene wa ule, akaupachika mmoja ndani ya mwingine, zikashikana mpaka huwezi kupitisha ukucha. Ilichukua muda, na mimi nikawa nangoja na rangi inaganda. Siku moja nikamwambia ananichelewesha bure, marehemu hakagui. Hakuinua kichwa.

"Msumari ilishagongwa hapo mara moja, omera," akasema, yaani ndugu yangu. "Hiyo ilitosha."

Nimeikumbuka kauli hiyo mara nyingi, kwa sababu mtu aliyeisema ndiye ambaye soko zima liliamua kwamba si Mkristo.

Alikuwa ameingia kwa Wamormoni akiwa mtu mzima, mvi zimeshaanza. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa Sabato pamoja na mkewe, Nyar Karungu, ambaye tulimwita hivyo kwa kuwa aliolewa kutoka Karungu kule ziwani. Walikuwa na mabinti wawili walioolewa mbali, na kabla ya hao walizaa mtoto wa kiume ambaye hakukaa. Aliishi siku chache tu. Fundi ndiye aliyemchongea sanduku, kwa mikono yake, na tangu siku hiyo hakuweza kutengeneza sanduku dogo bila kuuliza huyu naye amekwenda wapi.

Aliwauliza watu wa Mungu wa kila aina, maana wote walipita karakanani. Mmoja alisema hiyo ni siri ya Mwenyezi. Mwingine alisema inategemea wazazi. Nyar Karungu alimwambia mtoto amelala, ataamka siku ya ufufuo, na kulala si jambo baya. Halafu Fundi akaenda Migori kununua mbao, akakutana na vijana wawili wa shati jeupe na tai, majina yao yamebandikwa kifuani, wakamsimamisha kama wanavyosimamisha kila mtu. Akawauliza swali lake. Wakamjibu bila kuzunguka kwamba mtoto mdogo hana dhambi, na kwamba yuko mikononi mwa Kristo sasa hivi. Akawauliza tena, wakarudia vilevile. Alirudi Rodi bila mbao.

Tangu hapo kila Jumapili alikwenda Migori, ambako watu wa kanisa lake, wachache, walikutana katika chumba cha kupanga. Shati jeupe, tai, viatu vimepakwa rangi mpaka vinang'aa. Ukimwona siku za kazi, na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, usingedhani ni mtu yuleyule.

Kanisa hilo halinywi chai wala kahawa, na kwetu huku mtu asiyekunywa chai lazima aelezewe kwa wenyeji. Matangani alipewa kikombe, akakirudisha kwa adabu, akaomba maji ya moto na sukari. Nyar Karungu naye, kwa Sabato yake, alikuwa hagusi majani ya chai tangu utotoni. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili wanaokunywa maji ya moto meza moja, kila mmoja kwa sababu za kanisa lake, na bado hawakubaliani juu ya Mungu. Niliwatania siku moja kwamba matumbo yao angalau yameshaungana. Nyar Karungu alinitazama kwa jicho la pembeni. "Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "tumbo inaweza kuokoka kabla ya mwenyewe."

Na zile siku zao! Jumamosi Fundi hakugonga nyundo, kwa sababu nyumba ilikuwa nyuma ya karakana na mkewe alikuwa akitunza Sabato. Jumapili hakugonga kwa sababu yake mwenyewe. Na huku kwetu watu huzikwa mwisho wa wiki, kwa hiyo siku ya Alhamisi randa yake haikupumzika, na wateja walijipanga mlangoni wakinung'unika. Mmoja wao kutoka Ndhiwa alilalamika kwamba hajawahi kuona fundi mwenye Sabato mbili.

"Moja ni ya Mungu," Fundi akamwambia. "Ingine ni ya amani kwa nyumba."

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe. Fundi hakujiita Mormoni. Kila aliyemwita hivyo alisahihishwa papo hapo, awe mteja au askari wa kaunti. Mormoni, alisema, ni jina la mtu wa zamani na la kitabu. Yeye ni Mkristo, na anayetaka jina refu aseme Mtakatifu wa Siku za Mwisho. Hilo la utakatifu lilikuwa kosa kubwa kulitaja sokoni. Muuza viatu wa jirani alicheka mpaka akashika nguzo. "Mtakatifu! Huyu huyu amekaa na kitanda yangu tangu Pasaka?" Kwa muda mrefu watu walipita wakimwamkia Mtakatifu, wakimwomba awaombee mvua.

Mimi ni Mkatoliki wa sikukuu kubwa, sijidai. Mambo ya nani ameingia na nani ametoka huwaachia wenye muda. Lakini siku moja alinichukua hadi Migori, akanisimamisha mbele ya ubao wa kanisa lao, akanyoosha kidole.

"Wewe ni mtu wa herufi. Niambie nani ameandikwa mkubwa hapo."

Nikatazama. Jina la Yesu Kristo lilikuwa kubwa kuliko maneno mengine yote.

"Ni Yesu," nikasema.

"Basi," akasema, tukageuka tukarudi nyumbani. Hicho ndicho alichokuwa amenipeleka kuona.

Alilitaka neno hilo moja, aitwe Mkristo. Alilitaka kwa soko zima, lakini kwa mtu mmoja alilitaka kuliko kwa wote, na mtu huyo alikuwa akilala naye kitanda kimoja.

Mwenyekiti wa wachungaji wa pale sokoni hakuwa mtu mbaya, na sipendi mtu amfikirie hivyo. Mama yake mzazi alizikwa katika jeneza la Fundi. Alikuja mwenyewe karakanani, peke yake, akakaa kwenye benchi la waliofiwa, Biblia mapajani.

"Fundi, Biblia haikukutosha?"

"Ilinitosha. Nikaongezewa."

"Na Baba, Mwana na Roho Mtakatifu? Ni Mungu mmoja ama ni watatu?"

"Ni watatu, nia yao ni moja."

Mchungaji akafumba macho kidogo. "Unaona sasa? Watu walikufa juu ya hiyo neno. Hatuwezi kuiacha kwa sababu wewe ni mtu mzuri."

"Sijasema mimi ni mzuri. Nimesema mimi ni Mkristo."

"Jina iko na mpaka, ndugu yangu. Kama kila mtu anaweza kujipatia tu, basi haiambii mtu kitu."

"Na mpaka inawekwa na nani? Ni wewe?"

"Si mimi. Niliikuta."

Fundi alichukua randa yake akaanza kusukuma ubao. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mwenye jina hajaniambia nirudishe."

Mchungaji alisimama, akajipangusa vumbi la mbao kwenye suruali. Nilimwona uso wake. Alikuwa amehuzunika kweli, na hakubadili neno.

Wachungaji walikutana, wakakubaliana, wakatangaza makanisani. Hawakumkataza mtu kununua jeneza kwa Fundi, maana sanduku ni sanduku. Lakini msalaba, walisema, ni alama ya imani, na unafaa utoke kwenye mikono ya Mkristo. Basi ikawa jambo ambalo sijaliona mahali pengine. Familia inaagiza jeneza kwa Fundi, linapigwa vanishi, linang'aa, halafu wanavuka barabara kwenda kununua msalaba kwa kijana aliyefungua kibanda mkabala, mbao mbili na misumari katikati. Kazi yangu haikupungua, kwa kuwa ni mimi niliyeandika pande zote mbili. Fundi hakunilaumu kwa hilo hata siku moja.

Misalaba aliyokwisha kuichonga ilibaki imeegemea ukutani, mitupu, bila majina. Aliendelea kuchonga mingine. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema watu hawajaacha kufa.

Kilichomuuma zaidi, nadhani, kilikuwa kitu kidogo. Zamani mwenyekiti yule akipita ng'ambo ya barabara alipaza sauti, "Bwana asifiwe, Fundi!" na Fundi akajibu "Amina" kwa sauti ya kuamsha mbwa. Baada ya lile tangazo mchungaji aliendelea kumwamkia, kwa heshima ileile, lakini sasa ilikuwa, "Habari, Fundi." Fundi alijibu "Mzuri," kisha akabaki ameangalia kule barabarani, kama mtu anayengoja sentensi imaliziwe.

Nisije nikamfanya malaika. Kabla hayo hayajamkuta, yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kuwatoa wenzake. Kuna waumini wetu huku wanaovaa kanzu, wanapiga ngoma, wanatabiri. Fundi hakuwa na subira nao. Hao si Wakristo, alisema, hao wanaota ndoto halafu wanaziita injili. Alisema hivyo hata wakiwa wanapita, na wao walisikia. Kiburi alikuwa nacho cha kutosha, na ulimi wake ulikuwa na makali.

Basi baada ya yale ya wachungaji akaja mama mmoja mzee, kanzu nyeupe mpaka miguuni, amefiwa na mumewe. Hakungoja kuambiwa akae. Alitembea kando ya ukuta akiitazama ile misalaba mitupu, akapitisha kidole pale katikati mbao zilipokutana.

"Nasikia siku hizi hata wewe si Mkristo," akasema.

Fundi aliweka randa chini.

"Karibu. Sisi huku tumezoea." Akakaa kwenye benchi, akarekebisha kanzu yake. "Sasa nitengenezee mzee wangu msalaba, na uchonge poa. Hawa watu wa misumari sitaki."

Nilitamani kucheka, lakini uso wa Fundi ulinizuia. Alimchongea msalaba wa mvule, mbao alizokuwa amejiwekea mwenyewe kwa miaka, na ulipokauka aliubeba begani hadi nyumbani kwa yule mama. Hakuomba msamaha. Hiyo haikuwa tabia yake. Lakini sikumsikia tena akisema nani ni nani.

Watu wote hao angeweza kuwabeba kama nyumbani kungekuwa na amani ya jambo hilo. Nyar Karungu hakuwahi kumdhihaki mbele za watu. Jua likizama Jumamosi na Sabato imekwisha, aliwasha makaa akapiga pasi lile shati jeupe la kwenda Migori, kola ikasimama. Mwanamke mwingine angemwacha aende na makunyanzi yake. Lakini kumwita Mkristo, hapana. Nilimsikia akimwambia, siku mlango wa nyuma ulipokuwa wazi, "Nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya mbele ya Mungu, Fundi. Unataka nidanganye?"

Kwa imani ya Fundi, kuna hekalu ambamo mume na mke hufungwa pamoja hata ng'ambo ya kifo, na watoto wao pamoja nao, hata aliyekwisha kufa. Alimsihi waende. Alimsihi kwa miaka. "Niliolewa mara moja," ndilo lilikuwa jibu lake. Na hapo lazima wafike kwa yule mtoto. Fundi anasema yuko na Kristo, anawangoja. Mkewe anasema amelala, asisumbuliwe. Walikuwa wakigombania mtoto ambaye duniani hakuna aliyemkumbuka ila wao wawili. Iliniuma kuwasikiliza, na mara nyingi nilijitafutia kazi upande wa barabarani.

Kisha Nyar Karungu akaugua. Hospitali ilipomwambia arudi nyumbani apumzike, sote tulielewa. Fundi akaacha kwenda Migori isipokuwa kwa nadra, mkewe mwenyewe alipomfukuza aende. Ilikuwa Jumapili moja kati ya hizo Nyar Karungu alipokuja kibandani kwangu, ameshika ukuta, hatua kwa hatua. Nilimpa kigoda. Alipumua kwanza, muda mrefu.

"Wuoda, ile siku utaandika msalaba yangu, utaandika nini?"

Nikamwambia mambo hayo bado yako mbali.

"Wacha kunidanganya, wewe si daktari. Utaandika jina yangu ya ubatizo. Miaka yangu. Halafu hapo chini uandike: Mke wa Mkristo."

Niliweka brashi chini. Nikamwambia, mama, basi si umwambie mwenyewe, yuko hapa kila siku, atafurahi.

"Nikimwambia na mdomo atasema haya, sasa twende kwa hekalu. Mimi namjua huyo mtu." Akatabasamu kidogo. "Wacha aisome nikiwa nimelala. Hataweza kubishana na mimi."

Nikamuuliza ni kitu gani kimembadilisha, maana kitabu ni kilekile na mafundisho ni yaleyale.

"Sijabadilika. Mambo ya kanisa yake bado sikubali." Alitazama mikono yake, ilikuwa imekonda sana. "Lakini kila jioni anapiga magoti kwa kitanda yangu anaomba. Miaka yote hii nimekuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nangoja pale mwisho wa maombi siku moja ataje jina ingine, si ya Yesu. Hajataja."

Nilimsindikiza hadi mlangoni kwake. Hakulizungumza tena.

Alipofariki, Fundi alichonga msalaba ule kwa siku mbili bila kula kitu cha maana. Aliniletea, akauegemeza kwenye kibanda changu. "Andika vile unajua," akasema, akaondoka, kwa sababu hakuweza kusimama pale aone jina la mkewe likitoka kwenye brashi. Nikaandika kama nilivyoagizwa, herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi. Ulipokauka niliufunga kwa shuka, kama kawaida, usichafuke njiani.

Tulimzika Ndhiwa, nyumbani kwa akina Fundi, upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mke. Kanisa lake ndilo liliendesha, na kwaya yao iliimba vizuri sana, hilo lazima niseme. Wakati wa kusimika msalaba, mzee wa kanisa alifungua shuka. Akasoma. Akasoma tena. Akawaita wenzake wawili wakanong'ona, na Fundi, aliyekuwa upande wa pili wa kaburi kati ya mabinti zake, hakujua kinachoendelea. Mzee akasema kwa upole kwamba kanisa haliwezi kusimika maneno ambayo halifundishi, na kwamba wamekuja na msalaba wao. Ule wa Fundi ukalazwa kwenye majani. Wa kanisa ukasimikwa. Kisha mzee akaomba, na katika maombi yake akamsihi Mungu afungue macho ya mjane wetu, mume wa marehemu, apate kumjua Kristo kabla hajachelewa.

Aliomba kwa upendo, nina hakika. Machozi yalikuwa yakimtoka. Ndiyo maana ombi lile lilikata zaidi.

Fundi alizunguka kaburi polepole aende kuuchukua msalaba wake. Aliinama, akauona. Niliona midomo yake ikisoma. Alifika mwisho akarudi mwanzo, kisha akaketi chini palepale kwenye majani, na suti yake, mbele ya umati wote, akashika kichwa. Watu walidhani ni uchungu wa yale maombi. Binti yake mkubwa alimfuata, yeye akamzuia kwa mkono. Baadaye aliinuka, akauweka msalaba begani, akaingia nao ndani ya nyumba, na hakutoka mpaka wageni wameondoka.

Nilimuuliza, wiki zilizofuata, kwa nini asiusimike mwenyewe, boma ni lake, kaburi ni la mkewe, nani angemzuia? Alitikisa kichwa. "Nikiweka mbili juu ya mtu mmoja, itaonekana hata akiwa amelala bado tunamvuta, huku na huku. Alivutwa ya kutosha."

Hakuchonga tena. Alifunga karakana, akagawa mbao zilizobaki, na ile misalaba mitupu akampa yule kijana wa ng'ambo ya barabara. Akahamia Ndhiwa moja kwa moja.

Mara ya mwisho kumwona, alikuwa amenipigia simu mwenyewe. "Mchoraji, kuja na rangi nyeupe kidogo." Hakueleza. Nilipanda pikipiki baada ya mvua, barabara ni matope matupu, nikafika nimelowa hadi magotini. Alinikaribisha sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa alivyofuma Nyar Karungu, akanipa maji ya moto na sukari. Alikuwa amepungua sana. Shingo ilikuwa imelegea ndani ya kola, na kola yenyewe hakuna tena aliyeipiga pasi.

Msalaba ulikuwa umeegemea ukutani, karibu na kiti chake. Nikausogelea kwa macho ya kazi. Jina lilikuwa zima. Miaka ilikuwa mizima. "Mke wa" ilikuwa safi kama siku niliyoiandika. Neno la mwisho ndilo lililokuwa limefutika, hata rangi nyeusi ya chini imetoka, ubao unaonekana.

Nikamuuliza kama paa linavuja.

Aligeuza kiganja chake cha kulia akakitazama. "Ni mimi. Asubuhi nikiamka, na jioni nikimaliza kuomba. Sikujua rangi inaisha haraka hivyo."

Nilifungua kopo nikajifanya nakoroga.

"Kanisa yangu haiweki msalaba kwa kaburi," akaendelea. "Kanisa yake ilikataa hii. Basi mimi mkiniweka hapo nje, upande wa kulia, mniwekee hii. Nimeshaambia wasichana. Wewe pia nakuambia, usije ukaandika ingine."

"Lakini, Jaduong', mzee wangu, hii ina jina lake. Watu watadhani ni mama amelala hapo."

"Wacha wadhani. Wakisoma mpaka mwisho watajua ni nani."

Nikapiga magoti nikaanza. Nilipaka kwanza nyeusi, ambayo huibeba kila niendako, nikaipepea kwa kofia yangu mpaka ikashika, kisha nikaandika neno lile polepole kuliko nilivyowahi kuandika neno lolote. Yeye alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kiti, akifuata brashi kwa macho, herufi baada ya herufi. Nilipomaliza aliniuliza kama imekauka. Nikamwambia bado. Akaikalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu, tukangoja.